Unakwenda Dar kuchukua gari nyumba? Beba vipimo, masufuria yasubiri

Maswali ya toleo hili yametoka Kigoma na Tabora, kwa watu walionunua gari nyumba, yaani gari lenye mahali pa kulala na kupikia ndani, au kempa kama wengi wanavyoliita, ambao sasa wanajiandaa kwenda Dar es Salaam kulichukua. Tumeyaweka pamoja kwa sababu yanashikana.

SWALI: Shikamooni wakubwa. Mimi na mume wangu tumenunua kempa iliyotumika Japani, iko kwenye yadi Dar. Wiki mbili zijazo tunapanda basi kwenda kuichukua. Nimeshafunga mabegi matatu: masufuria, sahani, mashuka, mito, mpaka mapazia. Mume wangu anasema nimezidisha, mimi naona bado. Tubebe nini hasa? *Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Marahaba, dada. Safari hii mumeo ana haki, ila sababu si wingi wa mabegi. Siku ya kukabidhiwa gari ni siku ya kukagua, kuhamia kuna siku yake. Kutoka yadi hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200. Pampu ya maji ikigoma ungali Dar, muuzaji yupo mbele yako. Ikigoma Kaliua, fundi utamtafuta mwenyewe na fedha utatoa mwenyewe. Kwa hiyo begi la kwanza kufungwa liwe la vipimo. Vyombo vya nyumbani vibaki Mwanga mpaka gari lifike na upime kabati moja moja kwa futi, maana makabati ya kempa ni mafupi na sufuria la pilau la nyumbani haliingii.

Kwenye begi la vipimo weka multimita (kipima umeme), geji ya upepo wa tairi, futi ya mita 5, tochi ya kuvaa kichwani, mpira wa maji wa mita 10, kipande cha sponji na sabuni ya maji, roli mbili za tishu, fyuzi za 5, 10, 15 na 20 amp, tepu ya karatasi ile ya wapaka rangi, kalamu nzito isiyofutika, daftari, na chupa ya JIK. Ongeza vitu vya kulala usiku mmoja: shuka mbili, chandarua, sufuria moja dogo, birika, vikombe viwili na dumu la maji ya kunywa. Basi. Hivyo vyote vinaingia kwenye mabegi mawili.

Mkifika yadi, anzeni na maji asubuhi na mapema, kwa sababu uvujaji hauonekani papo hapo. Jazeni tangi mpaka juu, washeni pampu, fungueni bomba mpaka hewa yote itoke, kisha lifungeni. Pampu nzima itanguruma sekunde chache, ijenge presha, halafu inyamaze. Ikijiwasha yenyewe kila baada ya dakika chache na hakuna bomba lililofunguliwa, presha inapotea mahali: ama kuna kiungo kinachovuja, ama vali ya kuzuia maji yasirudi imechoka. Hapo ndipo tishu zinapofanya kazi. Zungushia kipande kikavu kwenye kila kiungo cha bomba chini ya sinki, nyuma ya pampu na kwenye hita, kisha acha nusu saa. Jicho na kidole hukosa tone dogo, lakini tishu hubadilika rangi palepale inapoguswa na maji.

Wakati tishu zinasubiri, kagueni kuta. Ugonjwa mkubwa wa gari nyumba lililotumika ni maji ya mvua yaliyoingia kwenye mbao za ndani ya ukuta, na hilo ndilo tunaloliogopa kuliko injini mbovu. Injini hutengenezwa, lakini mbao zilizooza ndani ya ukuta humaanisha kuvua ukuta mzima. Bonyezeni kwa dole gumba kwenye pembe za juu za nyuma, kuzunguka kila dirisha, chini ya kidirisha cha paa, na sakafu ya mlangoni na bafuni. Ukuta ulio salama ni mgumu na unalia kavu ukigongwa. Uliooza unabonyea, au karatasi ya ukutani ina mawimbi na doa la rangi ya chai. Fungueni makabati ya juu muingize pua: harufu ya uvundo haifichwi na manukato, na kempa iliyopuliziwa manukato mengi siku ya kukabidhiwa inastahili kukaguliwa mara mbili. Kisha mwagieni paa kwa mpira wa maji dakika 10 kila upande, mmoja akiwa ndani na tochi. Mvua za Kigoma huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ufa kwenye silikoni inayoziba maungio uliofichika wakati wa jua utauona Desemba.

Tairi zina tarehe yake. Ubavuni tafuteni herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Kempa huegeshwa muda mrefu, hivyo tairi huweza kuwa na kashata nzuri kabisa huku mpira umeshakauka na kupasuka mipasuko midogo ubavuni. Likizidi miaka sita, lijadiliwe kwenye bei. Likifika 10, lisitoke yadi, hata kama linang'aa. Upepo wa kujaza umeandikwa kwenye bati la mlango wa dereva, na hupimwa tairi likiwa la baridi. Msikubali makadirio ya kijana wa kujaza upepo anayepiga teke na kusema iko sawa.

Jambo la mwisho, na wengi hulisahau: maandishi ya swichi yatakuwa ya Kijapani. Pigeni picha kila swichi, tafsirini kwa simu, halafu bandikeni tepu ya karatasi na kuandika kwa Kiswahili: PAMPU, TAA ZA NDANI, BETRI YA NYUMBA, HITA. Fanyeni hivyo mkiwa na mtu wa yadi pembeni, muwashe moja moja mbele yake. Swichi ambayo hata yeye hajui kazi yake iandikwe hivyo hivyo kwenye daftari, na asaini.

SWALI: Nimesikia kempa za Japani hazitaki umeme wa TANESCO. Fundi wangu hapa Ujiji anasema ninunue adapta ya Kariakoo, inatosha. Ni kweli? *Msomaji, Ujiji*

JIBU: Haitoshi, na itakuunguzia vitu. Adapta ile hubadilisha umbo la plagi tu, volti hupita zilivyo. Umeme wa majumbani Japani ni volti 100, wa kwetu ni 230. Kifaa cha kupasha moto, kama birika au hita, umeme wake hupanda kwa kipeo cha pili cha volti: 2.3 mara 2.3 ni kama 5.3. Birika la wati 500 litataka kuvuta zaidi ya wati 2,600. Litawaka sekunde chache, kisha utasikia harufu.

Kinachotakiwa ni transfoma ya kushusha kutoka 230 kwenda 100. Soketi za Japani kwa kawaida ni za amp 15, yaani wati 1,500, kwa hiyo transfoma ya VA 2,000, karibu sawa na wati 2,000, inakuachia nafasi ya kupumua. Ni nzito, na hupata moto: ifungwe kwa nati kwenye sakafu, mahali penye hewa, isiwekwe ndani ya kabati la nguo. Kabla ya kununua, soma kibandiko cha chaja ya betri iliyomo kwenye gari. Kikisema 100–240 V, chaja hiyo inakubali umeme wa kwetu moja kwa moja, na pengine huna haja ya kingine chochote. Taa za ndani, pampu na friji ya volti 12 hazihusiki kabisa na ugomvi huu, maana zinakula betri.

Soketi zote za ndani ziandikwe 100 V kwa kalamu nzito. Mgeni atakuja na pasi yake, na pasi ya volti 230 kwenye soketi hiyo itabaki vuguvugu tu. Balaa liko upande wa pili, pale kifaa kilichokuja na gari kinapopelekwa sebuleni na kuchomekwa ukutani.

Wenye magari kutoka Uingereza wana nafuu hapa. Volti ni sawa na zetu, plagi ya pini tatu za bapa ni ileile, na usukani uko kulia. Watakachokuta kigeni ni soketi ya bluu ya amp 16 ubavuni mwa gari. Muuzaji akupe na waya wake, kwa kawaida ni wa rangi ya machungwa wa mita 25. Ukiutumia, ukunjue wote hata kama unahitaji mita tano. Waya uliobaki umeviringishwa huku unavuta umeme mwingi hupata joto katikati ya mviringo na kuyeyuka.

SWALI: Sisi ni familia ya watu watano, tuko Isevya, Tabora. Kibandiko cha gari kinasema kilo 3,500. Tunataka tukishalileta tupakie tuelekee Kigoma kusalimia, na ndoo mbili za asali za kuwapelekea wenyeji. Gari kubwa kama lile si linabeba tu? *Mzee wa Isevya*

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Ukubwa wake ndio unaodanganya. Kilo 3,500 ni gari pamoja na kila kilichomo, nanyi mkiwemo. Tuchukue mfano wa kempa yenye kilo 2,980 ikiwa tupu: inabaki nafasi ya kilo 520. Baba 80, mama 70, watoto watatu 105, jumla 255. Tangi la lita 80 ni kilo 80, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Mtungi wa gesi ya kilo 15 ukijaa hufika kama kilo 30 pamoja na chuma chake. Betri ya pili ya amp-saa 100 ya asidi ni kama 30, transfoma tuseme 15. Mmefika 410 kabla ya kuweka nguo hata moja. Zimebaki 110.

Asali ni nzito kuliko maji, lita moja ina kama kilo 1.4. Ndoo ya lita 20 ni kilo 28, na mbili ni 56. Zinaingia. Swali ni mtaziweka wapi. Mkizipanga kwenye buti la nyuma kabisa, mita 1.75 nyuma ya ekseli, kwenye gari ambalo umbali wa ekseli hadi ekseli ni mita 3.5, ekseli ya nyuma haipati kilo 56, inapata 84, na kilo 28 zinaondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Ni ubao wa pembea: nyuma inakandamizwa, mbele inanyanyuliwa, na usukani unakuwa mwepesi kwenye kona, jambo ambalo dereva hulipenda bila kujua ni dalili mbaya. Ziwekeni ndoo sakafuni, katikati ya ekseli mbili, zifungwe kwa mkanda, na kifuniko kifungwe kwa nailoni. Asali iliyomwagika kwenye zulia la kempa huita siafu mpaka ndani ya kuta.

Maji punguzeni. Safirini na lita 20, mjaze mkishafika. Magari ambayo uzito wake wote unaoruhusiwa, pamoja na mzigo, ni kuanzia kilo 3,500 yanatakiwa kupita mizani barabarani, na ya kwanza mtakayoikuta mkitoka Dar ni ya Vigwaza. Ichukulieni kama huduma: mtaujua uzito wa kila ekseli gari likiwa karibu tupu, muuandike kwenye daftari, na hesabu zote za baadaye mzianzie hapo.

SWALI: Mtungi wa gesi wa hapa unaingia kwenye kempa ya nje? *Msomaji, Uvinza*

JIBU: Mtungi unaingia, kichwa chake mara nyingi hakikubali. Ondoeni regyuleta iliyokuja na gari, mfunge ya hapa inayolingana na valvu ya mtungi wenu, na mpira mpya. Kitu cha kusoma ni presha iliyoandikwa kwenye jiko: za Japani huandikwa 2.8 kPa, za Ulaya nyingi 30 mbar, na hizo mbili zinakaribiana sana. Kwa hiyo regyuleta ya presha ndogo ya majiko ya nyumbani ndiyo yake. Ile ya presha kubwa, ya majiko ya mama ntilie, itarusha moto mpaka kwenye pazia.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka na kulala sakafuni. Ndiyo maana kabati la mtungi lina tundu chini. Wenye gari wengi huliziba kwa sababu ya vumbi la barabara, na hapo wanatengeneza bwawa la gesi ndani ya nyumba. Wekeni wavu wa mbu, msizibe. Kila kiungo kipakwe sponji yenye sabuni mtungi ukiwa wazi na jiko limezimwa: povu likikua, kaza na upime tena. Gari linapotembea, valvu ya mtungi ifungwe.

SWALI: Karatasi gani nisiondoke bila kuzishika? *Msomaji, Urambo*

JIBU: Kadi ya gari, mkataba wa mauziano, risiti ya EFD, nyaraka za forodha, na bima, ambayo uihakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima, kabla ya kuwasha injini. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na iliyogongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, kwa kidole. Dai funguo zote: wa kuendeshea, wa mlango wa nyumba, wa kifuniko cha tangi la maji na wa kabati la gesi. Ufunguo wa tangi la maji ndio unaopotea zaidi. Kizima moto na pembetatu mbili viwemo.

SWALI: Tukishakabidhiwa mchana, tuondoke siku hiyohiyo ili tuwahi Kigoma? *Msomaji, Gungu, Kigoma*

JIBU: Hapana. Usiku wa kwanza mlale Dar, ndani ya gari, karibu na yadi, ikiwezekana ndani ya geti lao. Huu ndio ushauri tunaousisitiza kuliko wote. Zimeni injini, mpike, mwoge, mwashe friji na taa kama mtakavyoishi. Kabla ya kulala pimeni betri ya nyumba, ile inayolisha taa, pampu na friji, kwa multimita: ikiwa imejaa na imepumzika, betri ya asidi husoma kama 12.7. Alfajiri izimeni friji, msubiri kidogo, mpime tena. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na hiyo ni kawaida. Chini ya 12, na mlichotumia ni taa mbili na friji ndogo, betri imechoka. Saa mbili asubuhi mtakuwa mlangoni kwa muuzaji na namba mkononi. Malalamiko ya "betri haikai" hujibiwa kwa maneno, ila namba mbili zenye saa yake ni ngumu kuzikwepa.

Kabla ya kulala, tangi nalo lisafishwe usiku huohuo. JIK ya asilimia 3.5, mililita 150 kwa kila lita 100 za maji. Fungueni kila bomba mpaka harufu ya klorini itoke, la moto na la baridi, mwache hadi asubuhi, mmwage, msuuze mara mbili. Maji hayo ya dawa si ya kunywa wala kupikia.

Safari igawanyeni siku tatu: Dar hadi Dodoma kama kilomita 450, Dodoma hadi Tabora kupitia Manyoni na Itigi karibu 400, Tabora hadi Kigoma kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza nyingine kama 400. Baada ya kilomita 50 za kwanza simameni mkaze nati za magurudumu, hasa kama tairi zimebadilishwa. Usiku msitembee. Ng'ombe na malori yaliyoharibika bila taa hayaonekani, na kempa haisimami kama gari dogo.

Pimeni kimo cha gari kwa futi, kuanzia ardhini hadi kitu cha juu kabisa, ambacho mara nyingi ni kidirisha cha paa au paneli ya sola, mwandike kwenye tepu mbele ya dereva. Tabora ina miembe mikubwa inayoinama barabarani, na mageti ya gesti yana mihimili. Kwenye matuta shukeni mpaka mwendo wa mtu anayetembea: mbele itapita salama, ila mkia mrefu wa nyuma hupiga chini na kung'oa bomba la maji machafu. Jazeni mafuta Tabora mjini, na ulizieni hali ya njia ya mbele kwa madereva wa mabasi pale stendi.

SWALI: Choo cha kaseti, kile chenye tangi la kuchomoa, kinamwagwa wapi huku kwetu? *Msomaji, Katubuka, Kigoma*

JIBU: Kwenye choo cha shimo au septiki ya nyumbani, kwa ruhusa ya mwenyewe. Ziwani kamwe, hata kama hakuna anayeona, kwani maji hayohayo watu wa Katonga na Kibirizi huyateka. Dawa ya choo yenye formalini huua vijidudu vinavyoozesha kinyesi kwenye septiki, hivyo chagueni isiyo nayo, na mkiikosa, maji na sabuni ya maji kidogo vinatosha kwa siku mbili, mradi kaseti imwagwe kila siku. Rabari ya mlango wa kaseti ipakwe mafuta ya silikoni. Mafuta ya mgando na mawese huivimbisha, na ikishavimba haifungi tena.